Nani atabeba ndoo ya besiboli 2026? Jibu refu kwa mleta uzi (na kwanini mkeka wa Dodgers uuache)

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Nani atabeba ndoo ya besiboli Marekani msimu huu wa 2026 unaoanza mwisho wa mwezi wa tatu, na je uweke mkeka wa Dodgers mapema kabla odi hazijashuka. Nilianza kukujibu mistari mitatu nikaona hapana, hii inataka maelezo, kwahiyo vuta kiti, wavivu wa kusoma mnisamehe.

La pili ndo rahisi: usiweke. Dodgers, timu ya Los Angeles, kwa sasa hakuna timu inayowazidi, hilo sibishani na mtu, na bado nakwambia usiweke.

Nijitambulishe kwanza maana humu kuna watu wanatabiri ligi wakati hata mpira wenyewe hawajawahi kuushika. Mimi mtu wa Bukoba, niko Seattle nabeba boksi kama wengine, na boksi langu mojawapo tangu 2019 ni kufagia uwanja wa Mariners, timu ya besiboli ya hapa, usiku baada ya mechi. Mechi za nyumbani ni 81 kwa msimu, toa ule mwaka wa korona ambao mashabiki hawakuruhusiwa. Watu wakitoka sisi tunaingia, tunaokota makopo na chupa, tunatenganisha vya kuoza huku na vya plastiki kule maana huu mji kwenye mambo ya taka hauna utani, afu wanakuja jamaa wa mashine za kupuliza wanasukuma maganda ya karanga kushuka ngazi mpaka chini kabisa. Maganda ya karanga ndugu zangu! Mtu mzima na heshima zake anakula karanga anatupa maganda miguuni kwake na hakuna anayemshangaa, ndo utamaduni wa besiboli huo. Mwaka wa kwanza nilikuwa nayaota. Na kuna kibanda mle uwanjani wanauza panzi wa kukaanga kwa mtindo wa Mexico, wenye chumvi na pilipili na ndimu, watu wanapanga foleni wanapigana picha wakiwa nao mdomoni kama wamefanya ushujaa fulani, mimi nikawaambia wenzangu jamani huko kwetu hawa ni senene, tunawasubiri Novemba kama wengine wanavyosubiri Krismasi. Nikaonja. Senene wetu wanawazidi, ila sio wabaya.

Haya, turudi. Kwenye kikosi chetu cha usafi kuna mzee mmoja wa Jamhuri ya Dominika, anakaribia miaka sabini, kwao ni San Pedro de Macorís, mji ambao unazaa wachezaji wa besiboli kama Kagera inavyozaa ndizi. Yeye ndo mwalimu wangu. Mwanzoni nilikuwa naangalia mchezo kama Mbongo yeyote, nasubiri homurani, yaani mtu apige mpira uruke nje kwa mashabiki, nashangilia. Mzee akaniambia wewe unaangalia fimbo, angalia mikono. Kila Februari wachezaji wanapoanza mazoezi kule Arizona na Florida yeye anachukua karatasi, haandiki wapigaji, anaandika warushaji tu, wale wanaomrushia mpigaji mpira, timu kwa timu, na haishii kwa wale watano wa kwanza ambao kila gazeti linawaandika. Anaenda mpaka wa tisa, wa kumi.

Sababu yake ni hii. Mechi ni 162 ndani ya miezi sita, yaani karibu kila siku mnacheza. Timu ina warushaji wa kuanza mechi watano, kila mmoja anapata zamu kama mara moja kwa siku tano au sita. Sasa mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha kitu maili 100 kwa saa, hiyo ni kilomita 160, mara tisini kwa jioni moja. Kano ya kiwiko inachanika. Operesheni yake inaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa mwaka 1974, na ukishafanyiwa unakaa nje mwaka mzima na zaidi. Kwahiyo wale watano unaowaona kwenye karatasi mwezi wa tatu, mzee anasema ukiwakuta wote wazima mwezi wa tisa nenda kanisani katoe sadaka. Swali la msimu ni nani anarusha wale wakiumia. Hapo ndo unapojua timu.

Nimekuwa na daftari langu la utabiri miaka mitatu sasa na nitaliweka wazi hapa ili mjue mnamsikiliza nani. 2023 niliandika Atlanta Braves bingwa. Wakashinda mechi 104, wakaongoza ligi nzima, wakaingia mtoano wakatolewa na Phillies raundi ya kwanza waliyocheza. 2024 nikaandika Chicago White Sox watajitahidi washinde 65 maana waliposhinda 61 mwaka wa nyuma nilijua hapo ndo chini kabisa, hakuna chini zaidi. Wakapoteza 121. Chini ilikuwepo. 2025 nikaandika Mets bingwa kwasababu walimsajili Juan Soto kwa dola milioni 765, miaka 15, nikasema pesa hiyo haiwezi kwenda bure, na nikatia dola 200 zangu bila mama watoto kujua (sasa ameshajua, anasoma humu). Mets wakamaliza na ushindi 83, Cincinnati nao 83, Cincinnati wakapita kwa sababu walikuwa wamewafunga zaidi Mets walipokutana, siku ya mwisho kabisa ya msimu. Nilikuwa kazini nafagia naangalia simu. Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye kiti. Akaniuliza, mrushaji wa sita wa Mets ni nani? Sikumjua. Ndo akaniambia basi hukutabiri, ulicheza kamari.

Tangu hapo nikabadili mtindo. Sasa tuje kwa Dodgers.

Nyie mliozoea mpira wa miguu mnajua Yanga au Simba akiwa kwenye fomu anaweza kumaliza msimu amepoteza mechi mbili. Futa hiyo. Dodgers mabingwa wa 2025 walishinda 93 wakapoteza 69. Bingwa! Sitini na tisa! Milwaukee Brewers ndo walioongoza ligi nzima mwaka jana kwa ushindi 97, na walipokutana na Dodgers kwenye msimu wa kawaida waliwafunga mara sita kati ya sita. Wakakutana tena nusu fainali Oktoba. Dodgers wakashinda nne bila (wa kwanza kufikisha nne ndo anapita), na mechi ya nne Shohei Ohtani akarusha akawatoa watu kumi kwa straiki, yaani wapigaji kumi walioshindwa mipira yake mpaka wakatoka, na hapohapo akapiga homurani tatu, mtu mmoja huyo, usiku mmoja. Sasa niambie mkeka wa mtu aliyeangalia zile sita za mwanzo ungekuwa wapi.

Mtoano wa besiboli ni mfupi mno kwa mchezo wenye bahati nyingi hivi. Dodgers haohao 2022 walishinda 111, wakatolewa na San Diego ambao Dodgers walikuwa wamewaacha nyuma kwa mechi 22 kwenye kundi. Na hapa Seattle usiwakumbushe watu 2001, Mariners walishinda 116, wakatolewa na Yankees kabla ya fainali, na mpaka leo hii ndo timu pekee kati ya zote 30 ambayo haijawahi kucheza hiyo fainali, World Series, hata mara moja. Kuna mabibi wa Kizungu pale safu za juu wana tiketi za msimu tangu wakiwa wasichana, na wanakuja.

Na fainali ya mwaka jana je, Dodgers na Toronto, mechi ya saba, tarehe 1 Novemba. Toronto wanaongoza, iningi ya tisa ambayo ndo awamu ya mwisho ya kawaida, wamebakiza kuwatoa watu wawili tu wawe mabingwa. Anakuja Miguel Rojas, mtu ambaye kazi yake ni ulinzi uwanjani na hakuna anayemtegemea kwa fimbo, akapiga homurani ikawa sare. Toronto wakaja kupiga, beisi zote (vituo vya kukimbilia) zimejaa wakimbiaji wao, mpira ukaenda kwa Rojas huyohuyo akarusha nyumbani, yaani beisi ya mwisho ya kupatia pointi, mkimbiaji wa Toronto akachelewa kwa kama upana wa kiganja. Angewahi, Toronto bingwa. Ikaenda mpaka iningi ya 11, Will Smith akapiga, 5 kwa 4 kwisha habari. Mrushaji aliyemalizia ile mechi ni Yoshinobu Yamamoto ambaye jana yake tu alikuwa amerusha mara 96. Mambo kama hayo hayatabiriki, ukiona mtu anakwambia aliyaona mwezi wa pili muulize namba za bahati nasibu.

Kwahiyo Dodgers 2026. Wamemuongeza mpigaji Kyle Tucker kwa dola milioni 240 za miaka minne, wamemchukua Edwin Díaz kwa milioni 69 miaka mitatu awe mrushaji wa kumalizia mechi, kitu ambacho mwaka jana kiliwasumbua. Kundi la magharibi watachukua, wamelichukua mara 12 kati ya 13 zilizopita, hiyo andika kwa wino. Ushindi nawapa 97. Lakini nilichokipenda kwao mimi sio Tucker, ni jinsi wanavyohesabu mikono. 2024 warushaji wao waliumia karibu wote, waliingia mtoano na wa kuanza watatu tu, na mmoja wao walimnunua mwezi wa saba, na wakabeba. 2025 Snell alikosa miezi, Glasnow akakosa miezi, Sasaki akakosa miezi, wakavumilia, Oktoba wote wakawepo. Wao hawaujengi msimu, wanaujenga Oktoba, wana pesa ya kuweka mtu wa milioni 30 benchi akapumzika. Hapo watu wanalalamika kwamba wanaharibu mchezo, na mkataba wa wachezaji na wenye timu unaisha tarehe 1 Desemba mwaka huu kwahiyo huo ugomvi mtausikia sana.

Kubeba mara ya tatu mfululizo? Wa mwisho kufanya hivyo ni Yankees wa 1998 mpaka 2000. Mimi nafasi ya Dodgers naiweka moja kwa nne. Ni kubwa kuliko ya timu yoyote, lakini maana yake mara tatu kwa nne mkeka wako umechanika, na kampuni ya kubeti inakulipa kama vile ni jambo la uhakika. Biashara gani hiyo.

Makundi mengine nitapita haraka haraka kisha nirudi nyumbani Seattle. Timu zimegawanyika ligi mbili, ya Taifa na ya Amerika, kila moja ina makundi matatu: mashariki, kati na magharibi.

Ligi ya Taifa, kundi la kati, nimechoka kuwapinga Brewers. Kila mwaka wanauza mrushaji wao bora, 2024 walimuuza Burnes, kabla ya 2025 wakamuuza Williams, sasa wamempeleka Freddy Peralta kwa Mets, na kila mwaka watu wanasema mwaka huu wamekwisha, wameongoza kundi miaka mitatu mfululizo. Wana kijana anaitwa Misiorowski, mrefu kama mnazi, anarusha zaidi ya maili 100 kama anatupa jiwe kwa ndege. Cubs wamemchukua Alex Bregman na wengi watawapa kundi. Mimi nabaki na Brewers, kwa mechi mbili au tatu hivi, Cubs wanaingia mtoano kwa mlango wa nyuma.

Mashariki, Phillies mara moja ya mwisho. Wamezeeka, mrushaji wao Wheeler alifanyiwa operesheni ya damu kuganda mwaka jana na sitegemei awe yule, lakini mrushaji Cristopher Sánchez yupo na mpigaji Schwarber wamembakiza. Mets nawapa nafasi ya mtoano, sio bingwa, mimi na Mets tumeachana. Na chini kule Colorado Rockies ambao walishinda 43 tu wakapoteza 119, watapoteza mia tena, itakuwa mara ya nne mfululizo, ule uwanja wao uko nyanda za juu sana hewa nyepesi mpira unaruka mbali na hakuna mrushaji mwenye akili anayetaka kwenda kuharibia jina pale. Ukinilazimisha kuweka hela mahali nitaweka hapo. Sio kwa mapenzi.

Ligi ya Amerika, mashariki ndo kundi gumu kuliko yote. Mwaka jana Toronto na Yankees walimaliza sawa 94 kwa 94. Toronto wamemleta mrushaji Dylan Cease kwa milioni 210, kila mtu anawapa tena, ila mimi naogopa uchovu, warushaji wao walirusha mpaka Novemba na mzee anasema deni la mkono linalipwa mwaka unaofuata. Yankees wana mpigaji Judge, sawa, lakini mrushaji wao Gerrit Cole anatoka kwenye hiyo Tommy John niliyosema na hatakuwepo mwanzoni. Ukihesabu mikono unakuta Boston. Crochet, Sonny Gray, Ranger Suárez, na wengine nyuma yao. Nimeandika Boston Red Sox. Mzee kaangalia akatikisa kichwa bila kusema kitu, kwa mzee hiyo ni sifa.

Kati, Detroit. Wana Tarik Skubal ambaye amechukua tuzo ya mrushaji bora miaka miwili mfululizo na huu ndo mwaka wake wa mwisho kabla hajawa huru kwenda anakotaka, na wamemuongezea Framber Valdez. Mwaka jana walikuwa wanaongoza Cleveland kwa mechi 15 na nusu na wakapitwa, jambo ambalo halijawahi kutokea, naamini hawatarudia.

Na magharibi, Mariners wangu. Naomba mniamini kwamba nimejaribu kuweka moyo pembeni.

Nitawaambia usiku mmoja. Tarehe 10 Oktoba mwaka jana, mechi ya tano dhidi ya Detroit, anayeshindwa anaenda nyumbani. Ilianza saa 11 jioni, sisi tuliambiwa tufike saa mbili usiku. Skubal akarusha iningi sita akawatoa watu 13 kwa straiki, sijawahi kuona, watu uwanja mzima wamekaa kama wako msibani. Akapumzishwa, Mariners wakasawazisha, mbili kwa mbili hapana, moja... subiri nisiwachanganye, Detroit walikuwa na mbili, Mariners moja, ndo ikawa mbili mbili, afu ikaganda. Ya tisa, ya kumi, ya kumi na mbili. Sisi na fagio zetu tumesimama kule chini kwenye korido hatuwezi kuanza, msimamizi anaangalia saa maana malipo ya muda wa ziada yanaanza kuhesabika, dada mmoja wa Eritrea anasali kwa sauti. Iningi ya 15 ndo Polanco wa Mariners akapiga ikaisha 3 kwa 2, saa nne usiku imeshapita, ule mtikisiko niliusikia kwenye meno. Tulifagia mpaka alfajiri na hakuna aliyelalamika, hata maganda yalikuwa mepesi.

Sasa angalia ile mechi Mariners waliishinda vipi. Alianza Kirby. Baadae akaja Logan Gilbert, ambaye ni wa kuanza mechi. Akamalizia Luis Castillo, naye wa kuanza mechi. Mikono mkuu. Na hiyo ni baada ya mwaka ambao Gilbert na Kirby na Miller wote walikaa nje kwa nyakati tofauti. Waliongoza kundi kwa ushindi 90, mara ya kwanza tangu 2001, na warushaji nusu wagonjwa. Wakiwa wazima na Bryan Woo juu yao, nani kwenye ile ligi ana hao? Kisha Toronto wakatuua, mechi ya saba, tunaongoza 3 kwa 1, George Springer wao akapiga homurani ya pointi tatu iningi ya saba. Tulikuwa tumebakiza watu nane tu kuwatoa. Ilikuwa Toronto kwahiyo sikuwa na cha kufagia, niliangalia nyumbani, nikazima tivii, nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Cal Raleigh, mdakaji wetu, alipiga homurani 60 mwaka jana, hakuna mdakaji mwingine aliyewahi kufika huko. Watu wanataka 60 tena. Hapana. Kudaka ni kuchuchumaa mara 150 kila siku, magoti yanachoka, nampa 40 na kitu na mshukuru. (Jina lake la utani linahusu ukubwa wa makalio yake, analipenda, kaweka mpaka kwenye matangazo, nchi za watu hizi.) Josh Naylor wamembakiza kwa miaka mitano, huyu mwangalieni, ni mnene na mzito kama gunia la mchele na aliiba beisi 30 mwaka jana, yaani kukimbilia beisi inayofuata kabla mpira haujapigwa, bado sielewi anavyofanya. Ushindi 94 kwa Mariners. Kundi lao.

Jambo jipya mwaka huu ni ampaya, yaani mwamuzi, kusahihishwa na kompyuta anaposema mrusho ni straiki au sio. Kila timu ina nafasi mbili za kupinga, mpigaji au mrushaji au mdakaji anagusa kofia palepale, kocha haruhusiwi kusema, picha inatokea kwenye skrini kubwa, ukiwa sahihi nafasi yako unabaki nayo. Watu wengi wanalichukulia kama mapambo. Mimi nadhani litaamua mechi kumi kumi kwa timu ambayo mdakaji wake ana jicho, na itaziumiza timu zenye wapigaji wenye hasira wanaopinga kila kitu iningi ya kwanza halafu ya tisa hawana kitu. Hii nimeiandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu, mtanikumbusha Septemba.

Na kitu cha mwisho kabla hujaweka hela yoyote, subiri Machi ipite. Kuna World Baseball Classic, mashindano ya nchi kwa nchi, wachezaji wakubwa wanaenda kuchezea kwao. 2023 huyuhuyu Edwin Díaz aliichezea Puerto Rico, wakashinda, wakawa wanarukaruka kushangilia, goti likakatika pale kwenye kushangilia, msimu mzima ukaisha. Mtabiri gani angeliweka hilo?

Na kuhusu kubeti mechi moja moja ndo kabisaa usijaribu. Novemba iliyopita warushaji wawili wa Cleveland walishtakiwa mahakamani kwamba walipanga mirusho kwa ajili ya watu wa kamari, wenyewe wamekana na kesi ni kesi, lakini ujue unacheza kwenye maji ya namna gani. Na mechi za huku za usiku kwenu ni saa 11 alfajiri, utaamka kuangalia hela yako ikiondoka na bado uende kazini.

Kuna mdau hapo juu kaandika "besiboli inatuhusu nini sisi Waafrika". Gift Ngoepe wa Afrika Kusini aliingia ligi kuu na Pittsburgh Aprili 2017, Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani, na zamu yake ya kwanza kabisa kupiga akafika beisi. Jirani zetu Uganda walipeleka watoto kwenye fainali za dunia za watoto kule Williamsport 2012, na 2022 Dodgers haohao wakasajili vijana wawili wa Kiganda, Ben Serunkuma na Umar Male, kwenye timu zao za chini. Pale Azania Sekondari Dar Wajapani wamesaidia kuweka kiwanja. Mzee wangu nilipomwonyesha picha ya vijana wa Uganda wanarusha peku kwenye udongo mwekundu aliangalia mikono yao muda mrefu, akasema hivi ndo tulivyoanza San Pedro.

Haya, daftari la 2026 lisomeke hivi: World Series ni Dodgers na Mariners. Bingwa nimeandika Mariners, mechi ya sita, hapa nyumbani au kule sijali. Najua nilisema moyo nimeuweka pembeni. Mzee kaandika Detroit kwenye karatasi yake na tumewekeana sahani ya panzi, mwenye kukosea ananunua. Ratiba ya zamu za mwezi wa tatu imeshatoka na nimeshanunua buti mpya, yale ya zamani soli iliisha ule usiku wa iningi 15.